Kuweka taa na maji kwenye kibanda cha shamba, Lamu

Maswali ni yale yale kila likizo ikikaribia. Waya wa kipimo gani? Tangi likae juu kiasi gani? Betri imekufaje na haijamaliza mwaka? Wanaouliza ni watu wenye kibanda Kipungani, Matondoni au ng'ambo Manda, mahali pa kwenda na watoto mwisho wa wiki, ambako laini ya stima haipiti karibu na maji ni ya kisima au ya mvua. Haya hapa majibu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mfano wangu ni kibanda cha chumba kimoja, mita 4 kwa 5, paa la makuti na baraza mbele. Jiko, bafu na choo vimejengwa ubavuni kwa mawe na kuezekwa mabati. Kinahitaji taa tano, feni moja, pa kuchajia simu, mifereji miwili, shawa na choo. Chako kikiwa kikubwa zaidi hesabu zitabadilika, lakini utaratibu ni huu. Nyumba za mawe za Mji wa Kale siziingizi humu: mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wake hauchimbwi kwa kujiamulia tu na patasi mkononi.

Tuwekeane mpaka mapema. Maji unaweza kuyafanya mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Sola ya volti 12 unaweza kuipanga, kununua vifaa vyake na kuvuta nyaya. Stima ya volti 240 usiiguse. Sheria ya Kenya inataka kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na sola nayo ina leseni zake. Basi mtafute fundi wa namna hiyo tangu mwanzo, mwoneshe mchoro wako, mpatane aje kukagua na kuunganisha mwisho. Ukimpa mchoro safi na nyaya zilizokwisha kuvutwa, atamaliza kwa saa chache, na utamlipa saa chache.

Na kuna kanuni moja nitakayoirudia hadi uichoke: viungo viwe vichache, na vyote vionekane. Chumvi ya bahari inaingia kila mahali. Inakula shaba, inakula skrubu, inakula kichwa cha betri. Huwezi kuizuia, unaweza tu kuifikia kabla haijamaliza kazi yake. Kiungo ulichokifukia ndani ya plasta au ukakificha ndani ya makuti huwezi kukifikia. Kwa hiyo kwenye kibanda, nyaya na mabomba hupita nje ya ukuta, wazi, hata kama shemeji atasema hayapendezi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nunua vyote kwa pamoja mjini, pamoja na ziada kidogo. Kukosa elibo moja ukiwa Kipungani ni kungoja maji yajae na kulipia mashua upya.

Zana: msumeno wa chuma, kisu kikali, bisibisi mbili (bapa na ya nyota), koleo la kukatia na la kumenyea waya, koleo la kubania vichwa vya waya, spana mbili za kurekebika, pima maji, tepu ya kupimia, na mita ya kupimia umeme. Hiyo mita usiiache kwa kubana matumizi. Asiye nayo hubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoua betri.

Upande wa maji: tangi la plastiki la lita 500, bomba jeusi la HDPE la milimita 32 na la 25, fitingi zake za kukaza kwa mkono (elibo, tii, soketi), koki tatu, mifereji, tepe nyeupe ya kuzungushia nyuzi, mabomba ya PVC ya majitaka ya milimita 50 na ya inchi 4, trapu zake na gundi yake.

Upande wa taa: paneli ya wati 100, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia kuchajiwa kwa betri) ya ampea 20, betri, boksi la fyuzi, waya wa shaba wa 1.5, wa 2.5 na wa 6 (unene kwa milimita mraba), kondiuti ya plastiki (bomba la kupitishia waya) na viboksi vyake, taa za LED za volti 12, vichwa vya shaba vya kubana mwishoni mwa waya, na kopo la grisi au vaselini. Skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali, najua. Zile za kawaida zinaanza kutoa machozi mekundu ukutani kabla msimu wa kusi haujaisha.

Karatasi kwanza

1. Chora kibanda kama kinavyoonekana kutoka juu. Weka alama ya kila taa, swichi, mfereji, tangi, kisima na choo. Pima umbali kwa tepu, si kwa macho, na uandike kila umbali kwenye mchoro.

2. Tenganisha njia ya maji na njia ya umeme. Kwangu maji hupita chini na umeme juu. Betri na kontrola visikae ukuta mmoja na shawa, wala chini ya bomba lolote.

3. Fanya hesabu ya matumizi ya siku moja. Zidisha wati kwa saa. Taa tano za wati 5 kwa saa 5 ni 125. Feni ya wati 15 kwa saa 8 za usiku ni 120. Simu za nyumba nzima, weka 30. Pampu ya kupandisha maji ya kisima tangini, ya wati 60, kwa nusu saa ni 30. Jumla ni wati-saa 305. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa 5, ukatoa robo ya upotevu, inakupa kama 375. Inatosha, ila ziada si kubwa, na mawingu ya Mei yataila yote. Anayetaka friji aanze hesabu upya; asije akasema paneli ilikuwa mbovu.

Betri: ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini ukitaka ikae usitumie zaidi ya nusu. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 50 ina 640, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Yaani mbili hizo hukupa karibu sawa, kama siku mbili bila jua. Mimi huwaambia watu wanunue lithiamu wakiweza. Joto huichosha betri ya asidi: kila nyuzi 10 zikizidi 25, umri wake hukatika kama nusu, na chumba cha Lamu mwezi wa Machi kina joto gani unakijua mwenyewe. Hakikisha tu kontrola uliyonunua ina mpangilio wa lithiamu.

Maji

4. Jenga kinara cha tangi kwanza, kwa sababu ndicho kizito. Lita 500 ni nusu tani. Boriti za mikoko zilizofungwa kamba zitabeba mwaka wa kwanza, halafu mchwa na unyevu vitafanya yao. Jenga kwa mawe ya Manda na saruji, juu weka slabu au mbao nene zilizoshikana, uso uwe sawa kwa pima maji. Tangi la plastiki likikalia kwenye fito zenye nafasi katikati, kitako chake hubonyea na kupasuka.

Kimo? Kila mita moja ya kimo inakupa baa 0.1 tu ya nguvu. Tangi la mita 3 juu ya kichwa cha shawa ni baa 0.3: maji yatateremka vizuri kwa kuoga, bila kukuchapa. Wengi hununua shawa ya matundu madogo iliyotengenezewa maji ya presha kubwa, kisha wanalaumu tangi. Chukua ya matundu makubwa.

5. Toboa tangi sentimita 5 hadi 10 juu ya kitako, ili mchanga na tope vibaki chini. Funga kiungo cha tangi na mipira yake pande zote mbili, kisha koki mara tu baada yake. Koki hiyo ndiyo itakayokuokoa siku mfereji utakapovunjika saa mbili usiku. Weka na bomba la kufurikia juu, lenye wavu wa mbu mdomoni.

6. Teremsha bomba la 32 kutoka tangini hadi kibandani, ingiza la 25 ndani, na upunguze zaidi pale tu unapofika kwenye mfereji wenyewe. Bomba jembamba toka mwanzo hunyonya ile nguvu ndogo uliyo nayo. Lifukie futi moja na nusu mchangani, la sivyo adhuhuri utaoga maji ya chai. Mteremko uwe wa kushuka mfululizo. Bomba likipanda kidogo kisha likashuka tena, hewa hukwama pale kwenye kilima na maji husimama.

7. Kukaza fitingi za HDPE hakuhitaji moto. Kata bomba wima kabisa, kwaruza ukingo kwa kisu ulainike, tia alama ya kina cha kuingia, paka maji ya sabuni, sukuma hadi alama ifike. Utasikia ukinzani wa pete ya mpira. Usiridhike hapo, lazima bomba lipite pete. Kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana. Anayekaza hadi ashindwe ndiye anayerudi na nati iliyopasuka.

Mafundi wengi watakushauri PPR ya kijani. Ni bomba zuri, lakini huunganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, na mashine hiyo inataka stima. Kama unayo jenereta ya kuazima, endelea: bomba la 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha na kushikilia hadi lipoe. Fanya ndani, pasipo upepo wa kusi. Na usiliache juani, maana PPR huharibika kwa jua kuliko ile nyeusi.

8. Kwenye nyuzi za mifereji na koki, zungusha tepe nyeupe kufuata upande wa kukaza, mizunguko minane hivi au kumi. Ukizungusha kinyume itajifungua unapokaza, na mfereji utadondoka matone siku hiyo hiyo. Epuka nipo (vipande vifupi vyenye nyuzi pande mbili) na elibo za chuma cha mabati: kwa maji ya kisima yenye chumvi, kutu inaziba ndani kabla nje haijaonesha kitu. Na mfereji wa nje ufunge kwenye nguzo imara ya jiwe. Punda akijikuna kwenye bomba lililosimama peke yake, mshindi ni punda.

9. Jaribu kabla ya kufukia. Jaza tangi, fungua mifereji yote hadi hewa iishe, funga, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Weka alama ya kimo cha maji tangini, lala, angalia asubuhi. Kimo kikishuka na mifereji haidondoki, kuna kiungo kinachovuja. Usifukie hadi ukipate.

10. Majitaka. Sinki na bafu tumia bomba la milimita 50, choo inchi 4. Mteremko ni sentimita 2.5 kwa kila mita: usipungue, maana uchafu utalala, usizidi sana, maana maji yatakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Kila tundu liwe na trapu inayobaki na maji, ndiyo inayozuia harufu na mende. Maji ya sinki na ya kuogea unaweza kuyapeleka kwenye migomba, nayo itakushukuru. Ya choo yaende kwenye shimo lake, angalau mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Hapa sitanii. Chini ya mchanga wetu mara nyingi kuna mawe ya matumbawe yenye mashimo, na maji machafu husafiri humo bila kuchujwa. Kabla ya kuchimba, muulize afisa wa afya wa kaunti.

Maji ya mvua yapokee kutoka kwenye mabati ya jiko na bafu, si kwenye makuti. Ya makuti hutoka rangi ya chai na takataka zake. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja, kwa hiyo mabati ya mita mraba 20 yakipigwa na mvua ya milimita 10 yanakupa karibu lita 200. Mvua ya kwanza ya masika iache imwagike ioshe paa. Hawakuwa wajinga waliojenga majabia, yale matangi ya kukusanyia mvua, Siyu na Kiwayuu: mvua ndiyo maji matamu pekee ambayo bahari haiwezi kuyaingilia kwa chini. Kisima cha karibu na pwani ukikipampu kwa pupa, chumvi hupanda. Pampu kidogo kila siku.

Taa

11. Chagua pa kuweka paneli. Juu ya makuti hapana: paa halikujengwa kubeba, na huwezi kupanda kuisafisha bila kuliharibu. Iweke kwenye mabati ya bafu au kwenye nguzo yake. Ielekee kaskazini na kuinama nyuzi 10 hivi. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kuinama huko ni zaidi ili mvua ioshe vumbi na chumvi. Isiwe chini ya mnazi. Kivuli cha kuti moja kikilalia kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa, na nazi ikidondoka hakuna cha kuhesabu tena.

12. Betri iweke ndani, kivulini, juu ya sakafu, mahali penye hewa. Ya asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka ikichaji, kwa hiyo usiifungie sandukuni bila matundu, na sigara ibaki barazani.

13. Chagua waya kwa umbali na mzigo, yaani kile kinachokula umeme. Kwenye volti 12 umeme hupotea njiani haraka. Pampu au kitu kingine kinachokula ampea 5, kikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, kwa waya wa 1.5 kitapoteza volti 1.2 njiani, kwa waya wa 2.5 kitapoteza 0.7. Kumbuka umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 10 ni mita 20 za waya. Taa moja ya wati 5 haihisi kitu, inakula chini ya nusu ampea. Kwa hiyo: taa 1.5, feni na chaji 2.5, pampu ya kisimani umbali wa mita 20 tumia 6. Waya wa spika uliobaki dukani kwa mjomba haufai.

14. Pitisha kila waya ndani ya kondiuti, iliyofungwa kwenye boriti au ukuta kwa vishikizo kila nusu mita. Katika makuti usipitishe waya mtupu hata hatua moja. Panya huutafuna, nyaya zikagusana, na makuti yakishika moto hakuna ndoo itakayoyawahi. Taa nazo zining'inie mbali na makuti. Mdomo wa kondiuti unaotokea nje uelekee chini, maji yasiingie.

Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, kila mahali, bila ubaguzi. Rangi ikiisha katikati ya kazi, acha kazi.

15. Usiunge waya njiani kwa kusokota na kufunga tepu. Vuta waya mzima kutoka boksi la fyuzi hadi kwenye taa ya kwanza, na kutoka taa hadi taa, viungo vyote viwe ndani ya viboksi vyenye vibanio vya skrubu. Menya waya kiasi tu cha kuingia, kaza, vuta kwa mkono kuhakikisha, paka grisi juu yake. Grisi huja baada ya kukaza, si kabla.

16. Fyuzi. Betri ya volti 12 haikupigi ukiigusa, ndiyo maana watu huidharau. Lakini nyaya zake zikigusana inatoa mamia ya ampea na kuugeuza waya kuwa mwekundu kwa sekunde chache. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha betri, na waya wa 6 kutoka hapo hadi kontrola na boksi la fyuzi. Kwenye boksi: ampea 5 kwa taa, ampea 10 kwa feni na chaji. Pampu ipe njia yake kutoka betrini, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri vile vile, na swichi iliyoandikwa kuwa ni ya DC, yaani umeme wa betri. Swichi ya kawaida ya nyumbani huungua midomo kwa mzigo wa pampu.

Kuna kosa moja naliona mno: kutumia soketi za ukutani za matundu matatu, zile za stima, kwa volti 12. Atakuja mgeni achomeke simu au pasi, au mwaka mwingine mtu alete jenereta aiunganishe hapo. Tumia soketi za USB au za aina ya gari, zisizofanana kabisa na za stima.

17. Fundi akifika, muungane kwa mpangilio huu: betri kwenye kontrola kwanza, kontrola ikiwaka ndipo paneli, mwisho mizigo. Kutoa ni kinyume chake, paneli hutoka kabla ya betri. Ukianza na paneli, kontrola haijui ni mfumo wa volti ngapi na nyingine huungua palepale. Funika paneli kwa shuka unapofanya kazi. Jua likiipiga inatoa umeme, hata kama hujaifunga popote.

18. Pima. Saa sita mchana, jua kali, betri ikichaji inapaswa kusoma zaidi ya 13. Asubuhi kabla jua halijachomoza, ya asidi ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 umeitesa. Lithiamu usiisome hivyo, volti zake hukaa karibu na 13 muda mrefu kisha huanguka ghafla. Andika namba za wiki ya kwanza kwa kalamu ndani ya mlango wa boksi. Baadaye utajua ugonjwa umeanza lini.

Kama stima itafika

Usigeuze nyaya za volti 12 kuwa za 240. Fundi mwenye leseni aanze upya, nawe ujue tu cha kumdai: waya wa 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, kahawia ikiwa laivu, buluu nyutro, kijani na njano ethi. Breka inayokata stima ikivuja miliampea 30. Na fimbo ya ethi iliyopimwa, si iliyochomekwa tu. Mchanga wetu mkavu haupitishi umeme vizuri, mara nyingi fimbo moja fupi haitoshi. Inveta nayo ni stima kamili. Ile 240 inayotoka kwenye betri inaua sawa na ya kwenye nguzo.

Ikikataa

Taa moja inafifia, nyingine sawa. Si betri. Fungua kiboksi chake, tafuta shaba iliyogeuka kijani. Kata ncha hiyo, menya upya, kaza, paka grisi.

Taa zote zinazimika mapema usiku. Angalia paneli kwanza: kuna kivuli kipya, kinyesi cha kunguru, chumvi? Ioshe asubuhi ikiwa baridi, kwa maji matamu na kitambaa. Kisha pima betri. Ya asidi ikisoma 12.7 jioni na 11 baada ya saa mbili za taa, imechoka. Nunua nyingine, usiiunganishe na ile kuukuu.

Fyuzi inakatika kila ukiweka. Usiweke kubwa zaidi, wala kipande cha waya, wala karatasi ya sigara. Toa mizigo yote, weka fyuzi, rudisha mmoja mmoja. Utakaoikata ndio mbovu. Ikikatika bila mzigo wowote, nyaya zimegusana mahali, na nitaanza kumtafuta panya.

Maji hayaji na tangi limejaa. Hewa imekwama. Fungua mfereji ulio chini kuliko yote, tia mpira wa maji, puliza kwa nguvu kuelekea tangini hadi usikie mibubujiko. Ikirudi kila wiki, fukua bomba na uondoe kile kilima.

Maji yanazidi kupungua kila mwezi. Fungua kichwa cha shawa na vichujio vya mifereji, vitie kwenye siki au maji ya ndimu usiku mzima. Ni chokaa ya kisima. Kama bado, safisha kitako cha tangi.

Pampu inanguruma haitoi maji. Kimo cha kisima kimeshuka, au wavu wake umezibwa na mchanga. Izime mara moja, haitakiwi kuzunguka kavu. Ivute kwa kamba ya nailoni uliyoifungia, kamwe usiivute kwa waya wake.

Bafu linanuka mkirudi baada ya mwezi. Maji ya trapu yamekauka. Mwaga ndoo moja. Mkiondoka tena, mwaga maji kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, hayatakauka upesi, na funga koki ya tangi.